Kivuli Alichoachiwa Nyamizi

"Ujiji nzima, na Kigoma mjini, na ng'ambo ya ziwa ukitaka, hakuna fundi wa disketi anayenifikia mimi," alisema Bi Mwavita, huku akijipepea kwa kifuniko cha sufuria. "Wala anayenikaribia." Kisha akafikiri kidogo, akaona aiseme kweli mwenyewe kabla mwingine hajaisema. "Maana hakuna mwingine. Yule wa mtaa wa Mwanga aliacha kazi, siku hizi anauza vitumbua."

Nyamizi hakucheka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba radhi. Pembeni yake ilikuwepo kompyuta yake ya kizamani, ile nene yenye kioo kilichobinuka kama tumbo la mjamzito, ambayo mwenye mkokoteni alikuwa ameitua punde tu. Mapajani alishika kitu kidogo kilichofungwa kwenye leso nyeupe.

Bi Mwavita hakumpenda Nyamizi. Hakuwa na sababu, na hilo halikumsumbua. Miaka na miaka yeye na shoga yake Zamda walikuwa wakienda harusini wameshona sare, wakakaa mkeka mmoja, na Nyamizi akipita mbele yao na mwendo wake wa kuburuta kandambili, walimtafuna kama karanga. Jinsi alivyofunga kilemba. Jinsi alivyokuja kutoka Tabora na masanduku matatu, wala hakuna aliyejua yana nini. Zamda ndiye aliyekuwa akianza, Bi Mwavita akimalizia, wakicheka mpaka wakajifunika nyuso kwa kanga. Sasa Zamda alikuwa kaburini, na karanga imebaki, Bi Mwavita hana wa kuitafuna naye.

"Haya, tuone mgonjwa," Bi Mwavita alisema, akanyoosha mkono.

Nyamizi akafungua leso. Bi Mwavita akasogeza kile kibati cha disketi kwa kucha, akachungulia ule utando mweusi ndani. Ulikuwa na madoa meupe yaliyosambaa kama upele.

"Imeota ukungu. Uliiweka wapi?"

"Jikoni. Napenda kuongea naye nikipika."

"Jikoni! Moshi, mvuke, na mawese juu yake! Kivuli cha mtu unakikaanga?" Akakigeuza. Hakikuwa na jina. "Cha nani hiki?"

"Cha Zamda."

Kifuniko cha sufuria kilisimama hewani.

"Zamda yupi?"

"Bi Mwavita jamani. Zamda yupi tena?"

Hapo zamani, kabla ya sheria, wafu walikuwa hawafi vizuri. Kampuni kubwa za kompyuta ziliwahifadhi wazimawazima, sauti na akili na tabia, na wafu wakawa wanapiga simu kuuliza kwa nini shamba limeuzwa. Kuna marehemu aliyemzuia mkewe asiolewe kwa kumpigia kila posa ilipokuja. Kuna mwingine aligombea udiwani, akashinda. Walio hai wakachoka. Ndipo sheria ikapitishwa: mfu ataruhusiwa kusema, lakini kwa kadiri tu ya kile kinachoenea kwenye disketi moja, na ndani ya mashine ya kizamani isiyounganishwa na kitu chochote isipokuwa umeme. Hicho ndicho watu walichokiita kivuli. Kila mtu kimoja, na anachagua mwenyewe amwachie nani; nakala yake moja, iitwayo picha, huwekwa kwenye hazina iitwayo Ghala. Kwa sababu hiyo kompyuta zilizokuwa zikifugiwa kuku zikapanguswa vumbi, na akina Bi Mwavita, waliosoma mpaka darasa la saba tu, wakapata kazi ya heshima.

Yote hayo Bi Mwavita aliyajua. Asichokijua ni hiki alichokuwa amekishika.

"Zamda hakuacha kivuli," alisema. "Aliniambia mimi, kwa mdomo wake. Alisema, 'Mwavita, nikifa nimekufa, sitaki kuitwaitwa kama mhudumu wa hoteli.' Nami nikawatangazia watu wote pale matangani, kwamba shoga yangu alikuwa mwanamke mwenye msimamo."

"Nilikuwepo. Nilikusikia."

"Na ukanyamaza?"

"Aliniambia nisikuambie."

"Kwa nini?"

Nyamizi akaikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena. "Sikumuuliza."

Bi Mwavita alikijua hiki kilichochachuka ndani yake kama togwa iliyolala. Wivu. Alikuwa ameuzoea ujanani, wakati wa mume, na alidhani umeshaota mvi ukakaa kitako. Kumbe ulikuwa unangoja tu kupewa kazi.

"Unaweza kumrudisha?" Nyamizi aliuliza. "Wanasema picha yake iko Ghalani."

"Iko. Lakini ujue: disketi ya kwanza ikifa, Ghala linatoa picha mara moja tu, halafu linaifuta. Sheria hiyo, ili wafu wasijazane. Nikiiandika ikaandikika, umempata. Ikiharibika, ndiyo basi tena."

"Nakuamini," alisema Nyamizi, na lile neno likamwasha Bi Mwavita kuliko upupu.

*

Kazi aliifanya asubuhi, kabla joto halijapanda, maana disketi kuukuu hulegea kwenye joto kama samli.

Picha ya disketi si picha ya kutazama. Ni kila alama iliyokuwa kwenye disketi ya kwanza, kwa mpango uleule, hata makosa yake. Bi Mwavita aliipakua kutoka Ghalani kwa waya mnene uliotoka ukutani, na papo hapo kioo cha kisanduku chake cha kuandikia disketi kikamwambia kwamba kule ilikotoka imeshafutwa. Sasa kila kilichobaki cha Zamda duniani kilikuwa ndani ya kisanduku cha fundi, na kisanduku chenyewe kingejisafisha kikishamaliza kuandika.

Akachagua disketi tupu kutoka kwenye shehena aliyoinunua kwa watu waliobomoa ofisi za zamani. Akaigeuza kwenye mwanga, akaifuta kwa pamba na spiriti, akajaribu kuandika upuuzi juu yake na kuusoma tena. Ya kwanza ilikosea, akaitupa. Ya pili ilikuwa mbichi kama imetoka kiwandani. Akajifunika kanga kichwani, kwa sababu yeye aliona si adabu kumwandika mtu ukiwa kichwa wazi, akabonyeza.

Krr. Krr. Tk. Kichwa cha kuandikia kilitembea juu ya utando, mzingo baada ya mzingo, kikitoka ukingoni kwenda katikati, kama mtu anayesuka ukili kinyume. Bi Mwavita alisikiliza bila kupumua. Mzingo mmoja ukikataa, mtu anapoteza kipande: jina la mjukuu, au namna ya kucheka. Haukukataa hata mmoja. Mwisho kisanduku kikasoma kilichoandikwa, kikalinganisha, kikatoa mlio wa kuridhika, kikajisafisha.

Ikabaki salamu. Fundi wa disketi huingiza kivuli kwenye mashine ya mwenyewe, akangoja kisalimie, ajue kwamba kinapumua, halafu hukitoa hapo hapo. Zaidi ya salamu haruhusiwi. Hakuna askari anayesimamia hilo. Ni adabu tu, kama daktari anavyogeuka ukivaa nguo.

Akaiingiza kwenye mashine ya Nyamizi. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Sauti ikatoka kwenye kispika, nyembamba, kama nyuki ndani ya debe, lakini ya Zamda bila shaka yoyote, na ule mkwaruzo wake wa mtu aliyevuta tumbaku akakana.

"Nyamizi, umekuja? Kaa. Umekula?"

Mkono wa Bi Mwavita ulikuwa tayari kwenye kitufe cha kutolea. Kilichotakiwa ni kubonyeza tu.

Kivuli hakina masikio. Masikio hayakuenea kwenye disketi. Anayetaka kusema nacho humwandikia marehemu kwenye kibodi. Mkono wa Bi Mwavita ukaondoka kwenye kitufe, ukaenda kwenye kibodi wenyewe, kama mbuzi anayejua njia ya shambani kwa watu.

"Nimekula," aliandika.

"Mwongo wewe. Haya, kaa kidogo, pumzisha mikono. Leo huna kazi ya kuniosha, mgongo wenyewe sina tena." Ile sauti ikacheka taratibu. Bi Mwavita hakuwahi kusikia Zamda akicheka taratibu. "Unajua ninachokikumbuka sana? Yale maji. Ulikuwa unayapima kwa kiwiko, kama unamwogesha mtoto. Kila Alhamisi. Na kile kidonda hukukikunjia uso hata mara moja."

Bi Mwavita aliitoa disketi kwa pupa mpaka ukucha ukakwaruzika.

Alhamisi. Alhamisi Zamda alikuwa akienda darasani, kusoma Kurani kwa mwalimu wa kike wa upande wa Kasimbu. Alimwambia hivyo. Na Bi Mwavita akamchekea, "Uzee huu ndiyo unajifunza kusoma?" na Zamda akajibu kwamba malaika hawaulizi umri. Wakacheka wote wawili. Kumbe alikuwa na kidonda. Kumbe alikuwa anavuliwa nguo na karanga yao, anaoshwa, anapakwa dawa, halafu anajipulizia manukato na kurudi kwa shoga yake kumsema huyo huyo aliyemwosha.

Angeweza kulia. Aliona ni nafuu akasirike.

*

Nyamizi alipopiga hodi kesho yake, Bi Mwavita alikuwa ameshaandaa uso.

"Ndugu yangu, pole," alisema. "Picha ilikuwa na tundu. Ghala wenyewe walikuwa nayo mbovu." Akachukua ile disketi tupu iliyokosea, aliyoitupa, akaiingiza kwenye mashine mbele ya macho ya mwenzake. Krr-krr-krr, ikakwama, kioo kikajaa alama zisizosomeka. "Unaona? Mtu hayumo."

"Jaribu tena."

"Si nilikwambia sheria? Hakuna tena."

Nyamizi alikiangalia kile kioo muda mrefu. Hakulia, na Bi Mwavita, aliyekuwa amejiandaa kwa kilio, akakosa la kufanya na leso aliyoishika.

"Basi," Nyamizi alisema mwishowe. "Nilikuwa nimemzoea asubuhi. Nikimwandikia kwamba chai iko motoni, ananiambia nimezidisha sukari. Hajaiona wala kuionja, lakini ananiambia." Akasimama, akajifunga kanga. "Pole na wewe, Bi Mwavita."

"Mimi pole ya nini?"

"Wewe ndiye ulikuwa shoga yake. Kama mimi kimeniuma hivi, wewe je?"

Hapo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Ilitosha kusema, "Hebu ngoja, nijaribu kuisafisha tena." Hata uongo wake ungebaki umefunikwa vizuri, na disketi ikaenda kwa mwenyewe. Bi Mwavita alifungua mdomo aseme hivyo hasa. Kilichotoka ni, "Ahsante."

"Mashine iache tu hapa," Nyamizi alisema akiwa mlangoni. "Sina tena cha kuitia. Nikipata mtu wa kuinunua, nitakuja na mkokoteni."

*

Bi Mwavita alijiambia kwamba angesikiliza mara moja tu, amwage machungu, halafu atafute njia ya kuirudisha. Alijiambia hivyo kila alasiri.

Duka lilipopoa alikuwa akishusha pazia la mlangoni, akaitoa disketi ndani ya kopo la unga, akaingiza. Na kwa kuwa kivuli hakikui wala hakikumbuki cha jana, kila siku alipokelewa kwa maneno yaleyale: "Nyamizi, umekuja? Kaa. Umekula?" Na kila siku alitakiwa kuwa Nyamizi upya.

Mwanzoni ilikuwa tamu. Ile sauti peke yake ilitosha. Kisha akaanza kuona. Huyu Zamda alikuwa mpole. Aliuliza hali za miguu ya Nyamizi. Aliuliza kama paa bado linavuja. Alisema "tafadhali." Bi Mwavita alikaa mkeka mmoja na mwanamke huyu maisha mazima na hakuwahi kupewa "tafadhali" hata moja, alipewa vijembe, alipewa umbea mtamu wa mji mzima, alipewa kiwiko cha mbavu kila bibi harusi alipotokeza na mapambo yaliyopitiliza. Alidhani huyo ndiye Zamda mzima. Kumbe alikuwa amepewa nusu, na nusu nyingine ilikuwa ikipelekwa mtaa wa pili kila Alhamisi, imefunikwa kawa.

Lililomkera zaidi ni moja. Zamda alitaja watoto wake, akataja paka, akataja hata muuza mkaa. Mwavita hakumtaja.

Alasiri ile joto lilikuwa la kukaangia samaki. Bi Mwavita alishusha pazia, akaacha mlango wazi nyuma yake ili apate hewa, akakaa.

"Nyamizi, umekuja? Kaa. Umekula?"

"Nimekula. Zamda, nikuulize kitu. Yule shoga yako Mwavita, unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

Taa ya kijani ikawaka, ikazima. Bi Mwavita akangoja. Hakikuja kingine.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" aliandika.

"Miguu yako imeshuka uvimbe?"

"Miguu ni mizima. Huyo Mwavita, nasikia alikuwa mcheshi sana."

"Alikuwa mcheshi."

"Na mpishi. Watu wanasema pilau yake ilikuwa haina mfano hapa Ujiji."

"Ilikuwa na chumvi," ilisema sauti.

Vidole vya Bi Mwavita vikaruka juu ya kibodi kabla akili haijavifikia. "Chumvi! Chumvi wapi? Harusi ya Shamimu nani alirudia sahani tatu, akafungasha na ya kwenda nayo ndani ya mkoba wangu, mafuta yakachuruzika mpaka leo hayajatoka? Mdomo huo unasema chumvi!"

Ndani ya mashine kichwa cha kusomea kilisikika kikitembea, tk, tk, kwenda mbele, kurudi nyuma, kikitafuta.

"Mwavita," ilisema sauti.

"Abee," aliandika Bi Mwavita.

Alipoliona lile neno kwenye kioo, alijishika mdomo kwa mikono yote miwili, kama mdomo ndio uliokosea.

"Nilijua," Zamda alisema, na sasa sauti ilikuwa ile ya mkekani, kavu, yenye kiwiko ndani yake. "Nilipokuwa hai, Nyamizi hakuwahi kuniuliza habari zako. Anayetaka kusikia habari za Mwavita kutwa kucha duniani ni mtu mmoja tu. Unafanya nini kwenye kiti cha watu?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Bi Mwavita, naye alikuwa akicheka, na hakuweza kusema kipi kilianza. Jina lake lilikuwa limetajwa. Aliandika polepole, herufi moja moja. "Kwa nini hukuniambia kwamba unaumwa?"

"Ningekuambia, ungeacha kunicheka. Nilikuwa nakuja kwako nipumzike kuwa mgonjwa. Kwako nilikuwa Zamda, na manukato yangu. Nyamizi alipata kidonda, wewe ukapata kila kilichobaki kizima. Sasa na hiki kisauti kidogo nacho unakitaka?"

Bi Mwavita aliangalia mikono yake. Hakuna alichoweza kuandika ambacho hakingekuwa ndiyo.

"Nyamizi anajua kwamba uko hapa?" Zamda aliuliza.

"Anajua," aliandika haraka. "Yeye ndiye aliyeniruhusu."

"Mpe nafasi aniambie mwenyewe."

"Hayupo. Amekwenda sokoni. Amesema nikusalimie."

Nje, mbele ya duka, magurudumu ya mkokoteni yalikuwa yamesimama muda si mdogo. Bi Mwavita, kwa kuwa alikuwa analia na kucheka na kudanganya vyote kwa pamoja, hakuyasikia. Wala hakusikia kandambili zikiburutwa kupita pazia.

"Sokoni?" ilisema sauti kwa nguvu, mpaka kispika kikatetema. "Jua lote hili? Anatafuta nini huko?"

"Hata mimi nataka kujua," alisema Nyamizi, nyuma ya kiti.